Mzee Amejibu Tena

"Lakini mama, mzee alishajibu," sauti ya kike ilisema kwenye simu. "Alisema hatakuja."

Winrose aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Sketi ya shule aliyokuwa akiishona ikabaki imebanwa na sindano katikati ya mshono. "Mzee gani?"

"Mzee Bethwel Kemboi. Si ndiye baba ya Fancy? Tulimtumia mwaliko wa kikao akajibu hapo hapo. Hata tulishangaa, wazazi wengine hukaa wiki mbili kabla wajibu."

Aliyesema hayo aliitwa Wawira, karani wa chuo cha uuguzi kilichokuwa kimemsimamisha Fancy masomo. Kosa la Fancy lilikuwa moja. Mwenzake wa darasani, Nyongesa, alikwenda kwao kumzika babake akakawia kurudi, na Fancy akawa anamtilia sahihi kwenye rejista ya wodi, kana kwamba yupo. Chuo kiliahidi kwamba kesi ingesikizwa kwa video, mzazi akiwepo, na mwaliko ungetumwa kwa barua pepe ya mzazi. Basi familia ikangoja. Kila jioni Winrose alimwuliza mumewe, "Wametuma?" Na kila jioni Bethwel alifungua simu, akapandisha kidole na kukishusha, akasema, "Hakuna kitu. Hao watu hawana haraka." Leo asubuhi Winrose ndiye aliyechoka kungoja, akapiga simu mwenyewe.

"Na hicho kikao ni lini?"

"Ni leo, mama. Saa nane. Mzazi akisema haji, jopo linachukulia hana la kujitetea. Mtoto anaondolewa."

"Anaondolewa wapi?"

"Si kwa chuo, mama."

Winrose aliinuka na simu yake bila kuikata, akaingia sebuleni.

Bethwel alikuwa likizo. Alikuwa ameketi kwenye kochi na kikombe cha chai mkono huu na andazi mkono ule, akitazama habari. Huyu Bethwel ukimtafuta hapa Kiamunyi utaonyeshwa nyumba yake na mtu yeyote. Ni mhasibu wa kampuni ya mbolea na mbegu, ni mzee wa kanisa, na ana suti tatu, na mtu mwenye suti tatu Nakuru hii hana raha. Kila harusi inamtaka kwenye kamati, kila mazishi yanamtaka awe mwekahazina, na kule kwao Sachangwan hawachimbi hata choo cha shule bila kumwita. Naye hajawahi kumkatalia mtu usoni. Ukimwomba aje, atakushika mkono kwa mikono yote miwili, atakwambia, "Bila shaka, ndugu yangu, nitumie tu kwa email," nawe utaondoka umefurahi. Wala hutamwona.

"Baba Fancy," Winrose alisema, "umeambia chuo hutaki kwenda kwa kesi ya mtoto?"

"Mimi?" Andazi lilisimama njiani. "Wameniita lini?"

"Huyu hapa anasema ulijibu." Akaweka simu kwenye sauti kubwa, akaiweka mezani. "Wawira, mama, tuma tena. Sasa hivi. Nimemkalia hapa."

Wakasikia vidole vikigonga kibodi. Fancy alitoka jikoni na mikono yenye sabuni, akasimama mlangoni. Simu ya Bethwel ilikuwa mezani kando ya sahani, na wote watatu wakaikodolea macho. Haikulia. Haikutetemeka. Haikufanya lolote.

"Nimetuma," Wawira akasema.

"Haijafika," Bethwel akasema, amepata nguvu. "Si mnaona? Haijafika. Hawa watu wa ofisi wanapenda kusingizia..."

"Mama," Wawira akamkata kauli, "mzee amejibu tena."

Winrose alimtazama mumewe. Chai mkono huu, andazi mkono ule.

"Amejibu nini?"

"Nakusomea. 'Asante kwa mwaliko wako wa heshima. Nasikitika kwamba sitaweza kuhudhuria, kwani niko nje ya kaunti kwa shughuli za kikazi. Mungu abariki mkutano wenu. Ni mimi wako, Mzee B. Kemboi.'"

"Nje ya kaunti!" Fancy akasema. "Baba, wewe uko hapa!"

"Niko hapa!" Bethwel akapaza sauti. "Winrose, si umeniona nimekaa hapa?"

"Nakuona umekaa. Wawira, tuma tena."

Wawira akashusha pumzi kama mtu anayebeba debe la maji la tatu. Akatuma. Simu ya Bethwel ikanyamaza vile vile. "Amejibu tena. Maneno ni yale yale, hata Mungu abariki ni ile ile. Mama, mimi niko na kazi hapa. Tafadhali mwambie mzee aache kujibu."

"Si unitumie hiyo link kwa WhatsApp, mimi ni mamake!"

"Hatukubaliwi. Mwaka jana mwanafunzi alileta mtu wa boda boda akasema ni babake, akalia hata machozi mbele ya jopo. Sasa ni lazima ipitie email ya mzazi iliyo kwa faili. Na iliyo kwa faili ni ya mzee." Akakata simu.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna mwingine pale chumbani aliyelijua. Wawira aliposoma lile jibu, Bethwel aliyatambua maneno. Yalikuwa yake. Alikuwa ameyatunga mwenyewe miaka miwili iliyopita, mwaka ule wa harusi nyingi, akamwomba kijana mmoja wa ofisini amwekee mtego kwenye barua pepe: mialiko yote ya vikao isimfikie machoni, ijibiwe yenyewe kwa heshima, ipotelee huko. Kijana akaweka. Bethwel akaonja amani kama hajawahi kuionja, na baada ya miezi michache akasahau kabisa kwamba ule mtego upo. Akadhani watu wameacha kumwita. Sasa akakumbuka, akaweka chai na andazi mezani.

Angesema hapo hapo, yangeisha. Lakini mtu aliyezoea kukwepa hukwepa hata akiwa amefikishwa ukutani.

"Ni mahaka, hawa wezi wa mtandaoni," akasema. "Wameingia kwa email yangu. Siku hizi wamejaa."

"Mahaka waingie kwa email yako wakatae mikutano?" Winrose akauliza. "Hawana kazi nyingine?"

"Hao watu huwezi kuwajua."

"Lete simu, baba, nitafute," Fancy akasema, akijifuta mikono kwenye leso.

"Ngoja. Hii ina mambo ya ofisi." Akaikumbatia simu. Akaanza kutafuta yeye. Aliandika "mwaliko", simu ikamwambia hakuna kilichopatikana. Akaandika "kikao". Hakuna. Akaandika jina la chuo, akalikosea, akalifuta, akaliandika tena. Hakuna. Akaandika "mkutano" akapata tangazo la viatu. Jasho likamtoka puani. Kila mara Winrose alipochungulia, aliigeuza simu upande.

"Baba Fancy, haki ya Mungu, hiyo simu nitaitupa kwa choo."

"Natafuta!"

"Unatafuta nini na umeificha kwa kwapa?"

Halafu Winrose akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya akiambiwa nyumba yake imeingiliwa na mahaka. Alitoka mlangoni akaita juu ya ua wa michongoma, "Mwalimu! Mwalimu Dalmas! Uko?"

"Aa, si lazima tumsumbue Dalmas," Bethwel akasema, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena.

*

Dalmas Odongo alikuwa mwalimu wa kompyuta, mtu mrefu wa maneno machache, na jirani yao tangu Fancy yuko chekechea. Alikuja na laptop kwapani na malapa miguuni. Alisalimia kila mtu, akaulizia hali ya kila mtu, akakaa mezani. Winrose akamwekea kikombe mbele yake, akachukua chupa ya chai.

"Boss, weka neno lako la siri," akamwambia Bethwel, akageuza uso kando kwa adabu.

Bethwel aliweka. Alikosea mara mbili. Winrose alisimama nyuma yake ameshika kiuno, na saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saba unusu.

"Kwa simu huwezi kuona vitu vingine, ndiyo maana mnahangaika," Dalmas akaeleza. "Na ukitafuta hivi hivi, hiyo haiangalii takataka. Lazima uiambie itafute kila mahali." Akaandika, akabonyeza. "Hizi hapa. Zote kutoka chuo. Ziko kwa takataka, na zimewekwa alama kama zimesomwa."

"Asante Yesu!" Fancy akaruka. "Na link iko?"

"Iko. Kunywa maji utulie." Dalmas alikuwa anatabasamu. Kisha akakunja uso. "Lakini nani anazitupa? Ngoja tuangalie, zisije zikapotea tena." Akaenda kwenye mipangilio, akafungua mahali pa vichujio, akasoma kwa sauti, maskini, bila kujua anasoma nini. "Barua ikiwa na neno mwaliko, ama kamati, ama kikao, ama harambee, ama harusi, ama mazishi, ama 'tunakuomba'... isiingie ndani. Itupwe. Na itumiwe jibu." Akacheka kidogo. "Huyu haka anachukia harusi sana."

Hakuna aliyecheka naye.

"Boss," Dalmas akasema, safari hii polepole, "hii si haka. Hii imewekwa miaka miwili iliyopita, na mwenye akaunti."

"Labda ni kijana wa ofisi," Bethwel akasema. "Kuna kijana alikuwa anashika kompyuta yangu..."

"Ulimtuma?" Winrose akauliza.

Bethwel akaangalia televisheni. Winrose alikuwa ameshaizima.

Dalmas alifungua sehemu ya barua zilizotumwa, na pale zikajipanga, moja chini ya nyingine mpaka mwisho wa kioo, na akishusha zinaendelea: asante kwa mwaliko wako wa heshima, asante kwa mwaliko wako wa heshima. Alishusha, akashusha, kisha kidole kikasimama. Jina lake mwenyewe lilikuwa pale. Ilikuwa kamati ya kumsafirisha mama yake kwenda Siaya kuzikwa.

"Hii siku nilikuona," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyoumiza. "Nilisoma jibu lako, nikatoka nje kupokea wageni, nikakuona unaosha gari. Nikajiambia, labda amerudi sasa hivi. Labda ni ndugu yake, wanafanana."

"Mwalimu, mimi..."

"Mimi ni jirani, boss. Ungenipigia kelele tu juu ya ua, 'Dalmas, leo sitaweza.' Ningekukasirikia jioni moja."

Winrose aliketi. Alikuwa amemtetea mwanamume huyu kanisani, kwa shemeji zake, kwa akina mama wa chama. Amesema "ana kazi nyingi jamani" mpaka ulimi umeota sugu. Hasira ilimjaa hata akaogopa kufungua mdomo. Alipoufungua likatoka neno moja: "Woi."

Fancy ndiye aliyeendelea kusoma, ameinama juu ya bega la Dalmas. "Baba," akasema. "Hii ni ya kuvalishwa kofia."

Mwaka uliopita, wanafunzi wa uuguzi walipomaliza hatua ya kwanza, chuo kilifanya sherehe ya kuwavalisha kofia nyeupe, mzazi akimvalisha mtoto wake. Mama yake siku hiyo alikuwa Molo akimwuguza jamaa yake. Baba alitarajiwa. Fancy alivalishwa kofia na mpishi wa chuo, kwa sababu mkuu wa idara alimwambia babake amejibu kwa heshima sana kwamba yuko nje ya kaunti.

"Uliniambia hawakukualika," Fancy akasema.

"Sikuona mwaliko, mama. Kweli kabisa sikuuona."

"Najua hukuuona."

Dalmas alisimama. Akafungua kiungo cha kikao, akapima kamera, akasogeza laptop mbele ya kochi ili wote waenee. Akamwonyesha Fancy pa kubonyeza. "Muda umefika. Nitaichukua jioni."

"Mwalimu, chai," Winrose akasema. Kikombe kilikuwa hapo hapo kimejaa.

"Nimeshiba, mama Fancy." Akavaa malapa yake akaenda. Katika miaka yote ya ujirani wao, Dalmas hakuwahi kutoka nyumba ile bila kunywa chai, na Bethwel alikuwa anaiangalia ile chai isiyoguswa wakati kioo kilipowaka na nyuso tatu za jopo zikatokea.

*

Mwenyekiti alikuwa Madam Anyango, muuguzi mzee mwenye miwani ya kamba, aina ya wanawake ambao hata madaktari huwaamkia kwanza. Hakusalimia sana.

"Mzee Kemboi. Nashukuru kukuona. Umerudi safari?"

"Ndiyo, madam. Yaani, hapana. Sikuwa safarini, madam."

"Barua zako tatu zinasema uko safarini. Ya mwisho ni ya leo kabla ya chakula cha mchana."

Winrose alikuwa upande wa kulia wa mumewe, Fancy upande wa kushoto, wamebanana kwenye kochi. Winrose alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe huyu mtu ulimi mnyoofu kwa dakika mbili tu. Bethwel akakohoa. Akarekebisha kola. Ukweli ulikuwa tayari mdomoni, lakini aliona zile nyuso tatu zikimtazama, nyuso za watu wenye heshima, na yule mtu aliye ndani yake, asiyekubali kuonekana vibaya, akamshinda.

"Madam, email yangu iliingiliwa na mahaka."

Nataka uelewe kwamba mkewe angemfinya kama kamera isingekuwa pale.

"Mahaka," Madam Anyango akasema. Akawageukia wenzake, wakanong'ona. "Basi hilo ni jambo zito. Kama kuna mtu anaandikia jopo kwa jina lako, hatuwezi kuendelea leo. Tutalipeleka kwa watu wa mitambo wachunguze, na kesi tuisikize muhula ujao."

"Muhula ujao?" Winrose akadakia. "Na mtihani wa baraza la wauguzi?"

"Usajili unafungwa Ijumaa. Atangoja wa mwaka kesho. Pole, mama, lakini ikiwa ni mahaka..."

Bethwel alifungua mdomo. Akaufunga. Aliweza kuona mwaka mzima ukienda, mtoto amekaa nyumbani anaosha vyombo.

"Madam, si mahaka," Fancy akasema.

Madam Anyango akainua macho.

"Rudia?"

"Si mahaka. Ni baba aliiweka. Iwe inakataa mikutano peke yake, asisumbuliwe na watu. Alisahau itakataa hata hii."

"Fancy," babake akanong'ona.

"Binti," Madam Anyango akasema, akiinamia kamera, "unajua unamzungumzia baba yako, na yuko hapo karibu nawe?"

"Najua, madam." Fancy hakuondoa macho kwenye kamera. "Nyongesa aliniomba nimwandikie yuko wodini, na mimi nilijua hayuko. Alikuwa analia, nikashindwa kumwambia hapana. Kuna mgonjwa alikosa sindano yake usiku mmoja kwa sababu kwa karatasi tulikuwa wawili na kwa wodi nilikuwa peke yangu. Huyo mgonjwa alipona, lakini mimi silali. Siwezi kumwandikia mtu mwingine yuko mahali hayuko. Hata kama ni baba."

Winrose alishika mkono wa bintiye mgongoni mwa Bethwel, mahali kamera haioni, akaubana mpaka vidole vikauma.

"Mzee Kemboi," Madam Anyango akasema. "Ni kweli?"

Kuna watu watakwambia kusema kweli ni rahisi. Hao hawajawahi kuwa mzee wa kanisa. Bethwel alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena ikiwa chafu vile vile.

"Ni kweli, madam. Nilikuwa naogopa kuwakatalia watu. Nikatafuta kitu kiwakatalie kwa niaba yangu."

Jopo lilizima sauti. Midomo yao ilienda na kurudi pale kwenye kioo bila kusikika, na mmoja wao alitikisa kichwa kwa namna iliyomfanya Winrose aanze kulia. Alilia waziwazi, akijifuta na upindo wa ile sketi ya shule ya watu, aliyokuwa ameichomoa kwenye cherehani bila kujua alipotoka kumwita Dalmas. Kisha sauti ikarudi.

"Fancy Jemutai," Madam Anyango akasema, "ulichofanya wodini kingeua mtu. Utarudia zamu zote za wodi ile wakati wenzako wako likizo. Utapewa onyo la maandishi. Lakini usajili wako hatutauzuia. Muuguzi anayeweza kusema 'mimi ndiye niliyekosea' kabla hajaulizwa, huyo namtaka wodini kwangu." Akageuza macho. "Na wewe, mzee. Mzazi anatakiwa kuja mwenyewe chuoni Jumatatu, kutia sahihi. Akikosa kuja, onyo linageuka kufukuzwa. Karani atakutumia mwaliko wa..."

"Hapana!" Bethwel alisema, akiinuka nusu kwenye kochi, mkono ameunyoosha mbele ya kioo kama anayesimamisha gari. "Usitume, madam. Nakuomba. Niambie tu hapa hapa ni saa ngapi."

Madam Anyango akaandika kitu kwenye karatasi yake.

"Saa mbili asubuhi."

"Nitakuja. Bila shaka nitakuja."

Kioo kikazima. Bethwel alibaki amesimama nusu vile vile, halafu akaketi. "Jumatatu, saa mbili," akamwambia mkewe. Winrose alikuwa ameshainuka, anaitazama sketi ya watu iliyolowa. "Saa mbili," akamwambia Fancy. "Nitakuwa huko." Fancy alichukua kikombe cha Dalmas kilichopoa, akakipeleka jikoni, na wakasikia maji yakifunguliwa.

"Nitakuja," Bethwel akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, maana hakuna aliyekuwa amemjibu.